Kamba ya Nguo ya Tieko

Kila Alhamisi naingia Londrina na begi la spana,
na Genivaldo, mlinzi wa mnara, kabla hata ya salamu:
"Wenzetu wamefika ya ngapi?"
Wenzetu ni Maringá, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari.
Ijumaa niko Maringá. Leonilda muuza vimkate vya jibini
ananifungia viwili kwenye karatasi, macho yako juu ya winchi:
"Wale wamefika ya ngapi?"
Nimekuwa mjumbe wa vita visivyo na risasi.

Basi niseme, mimi niijuaye miji hii tumboni,
kwenye mashimo ya giza, grisi na nyaya za chuma.

Londrina imejipanga kando ya ziwa
kama ukoo uliosimama kupigwa picha:
warefu wameng'ang'ania mbele,
wafupi wanachungulia kwapani.
Minara imepewa majina ya Kifaransa
ambayo wenye nyumba huyameza nusu.

Maringá ina kanisa kama pia iliyopinduliwa,
na miaka mingi watu waliambiana
kwamba hakuna jengo litakaloupita msalaba wake.
Sheria hiyo sijaiona kwa maandishi.
Winchi nimeziona.

Mpanda ngazi hushuka, walinena waliotutangulia.
Mpanda lifti hushuka umeme ukipenda.

Udongo ni ule ule, mwekundu,
unaingia kwenye reli za milango, nausugua kwa mswaki mkuukuu.
Ghorofa ya thelathini na tisa, marumaru nyeupe,
na bado pana alama ya kisigino cha mtu.
Wa hapa na wa kule hujiita miguu myekundu.
Kwa hilo tu hawabishani.

Baba yangu Otacílio alikuwa na kahawa upande huu.
Usiku mmoja wa Julai, sabini na tano, baridi ilishuka,
na kulipokucha majani yalikuwa meusi
kama yaliyopitiwa na pasi ya moto.
Alisimama kati ya safu, mikono mfukoni.
"Haya," alisema. Hakuongeza neno.
Safu zimerudi sasa, za saruji,
nami nalipwa kuzikagua.

Nyuma ya mnara mpya kabisa
ipo nyumba ya mbao ya Tieko Hirabayashi,
na uani kamba moja ya nguo.
Ghorofa hajawahi kuzihesabu.
Kwenye nguzo ya kamba amechora kwa penseli
saa ambayo jua huondoka:
mwaka juzi saa tisa,
mwaka jana saa saba,
sasa saa nne na robo,
shuka bado linadondoka maji.
Aliniomba nimwambie mwenye mnara.
Nikasema, mama, mimi ni fundi wa lifti tu.
"Basi nipandishe."

Nilimpandisha siku ya majaribio, kinyume cha kanuni,
yeye na beseni lake, na vibanio mdomoni.
Njia nzima alitazama namba zikibadilika
kama asomaye mizani ya muuza samaki.
Juu, paa lilikuwa halijakwisha,
nondo zimechomoza kama mabua baada ya mavuno.
Tulitandaza shuka juu ya nondo.
Upepo ulilijaza, likapiga kelele,
na kwa nusu saa jua lote la Londrina
lilikuwa la mwanamke mmoja.
Alichungulia chini kuitafuta nyumba yake.
Hakuiona. Ilikuwa ndani ya kivuli.
Akageukia magharibi, kiganja juu ya nyusi:
"Na huko Maringá, nao wana kamba?"

Kesho yake Leonilda alinifungia vimkate viwili.
"Wale wamefika ya ngapi?"
Nilihesabu sarafu polepole, nikamwekea mezani.
"Saa nne na robo," nikamjibu.